Marimba za Wagogo kwenye somo la mawimbi

Nafundisha fizikia sekondari, hapa Dodoma. Miradi ya "sayansi na sanaa" niliyokuwa nikiiona ilikuwa ya namna moja: wanafunzi wanaunda kitu, siku ya mwisho wanakipaka rangi na kughani ngonjera, basi, sanaa imeingia. Mimi sikuitaka hiyo. Tulipofika mada ya mawimbi nikaweka sharti: kila kundi litengeneze marimba ya mkononi, kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba, ile Wagogo wanayoiita ilimba, na litapimwa kwa wimbo. Wimbo usipotoka, ripoti hata iwe nzuri vipi, mradi haujaisha.

Vifaa havikusumbua: mabaki ya mbao kwa seremala, spoki za baiskeli, misumari mikubwa iliyopondwa ikawa bapa. Kwenye simu tuliweka phyphox, programu ya bure inayosoma sauti na kutoa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Masikio ndiyo yaliyoanza kuidai sayansi. Wanafunzi walijua habari ya uzi: ukiufupisha nusu, sauti inapanda oktavu moja, yaani hezi zinakuwa mara mbili. Wakafupisha chuma nusu, kikalia karibu oktavu mbili juu. Kundi moja likasema simu ni mbovu. Nikawaambia wapime urefu mbalimbali na kuchora grafu ya hezi na urefu. Mstari haukunyooka mpaka walipogawanya 1 kwa mraba wa urefu na kuweka jibu hilo mahali pa urefu. Chuma kilichobanwa upande mmoja ndivyo kilivyo: ukitaka oktavu moja, unapunguza kama asilimia 30 tu. Tangu hapo hawakusogeza chuma kwa kubahatisha.

Kisha nikamwalika mzee mmoja fundi wa marimba. Alipanga sauti kwa sikio tu, akagonga hapa, akavuta pale. Vijana wakawasha programu ya kupangia gitaa, nayo ikadai sauti ya chuma kimoja imeshuka.

"Babu, hiki kimeshuka."

"Kimeshuka kwa nani, mjukuu wangu?"

Swali hilo lilitula kipindi kizima, na sijutii. Walipopima vyuma vyake, hezi zilikaribia uwiano wa 4:5:6:7. Hiyo ya 7 haimo kwenye kinanda. Kinanda kina sauti iliyo juu yake kidogo. Lakini imo ndani ya mlio wowote wa uzi, kati ya mitetemo midogo inayoandamana na ule mkuu. Babu aliipata kwenye nyimbo za kwao, sisi tukaikuta kwenye grafu. Mzee alipoziba tundu la kisanduku kwa utando wa buibui, mlio ukaanza kukwaruza, na simu ikaonyesha vilele vingi kwenye grafu ya sauti, pale palipokuwa na vichache.

Makundi mengine yalirudi kwenye sauti za kinanda ili yapige nyimbo za kanisani. Moja likabaki na za babu na kuzitetea kwa hesabu. Yote nimeyapa alama. Mwakani kuponda misumari kutafanyika mapema, kwenye vipindi vya stadi za kazi, maana nyundo ndiyo iliyokula muda wetu mwingi.