Mkaa na raba vimefanya kazi ambayo maneno yalishindwa

Jamani ushauri mwingine mnaotupa wachoraji sijui huwa mnautoa wapi. Mimi nachora mambo ya jamii, rushwa, ajira, wakubwa na wadogo, na kila nikiuliza naambiwa "weka maneno watu waelewe". Nikaweka. Jitu nene la suti limeandikwa UFISADI tumboni, chini yake kimtu kimekonda kimeandikwa MWANANCHI. Watu wanaangalia sekunde moja, "kweli kabisa kaka", wanapita zao. Kwa hasira nikalirudia bila maneno, siku tatu nzima nahangaika na vivuli na mikunjo ya suti mpaka vifungo vinang'aa, nikampelekea shemeji, akaliangalia weee halafu akauliza kama ni tangazo la dawa ya kupunguza mwili.

Nilinuna wiki nzima.

Nikaanza kuwafuatilia wanaojua. Dan Perjovschi wa Romania, mwaka 2007 alichora ukutani kwa makapeni pale MoMA, jumba la sanaa la New York, wageni wanapita wanamwona yuko juu anachora, vimistari vichache tu, hakuna kivuli wala nini, na michoro yake ya ukutani maonyesho yakiisha hupakwa rangi juu, kwisha habari. Suti yangu ya siku tatu ikaniona mjinga. Ila aliyenimaliza ni William Kentridge wa Afrika Kusini. Anachora kwa mkaa, anapiga picha, anarudi kwenye karatasi ileile anafuta kidogo anaongeza kidogo, anapiga tena, na tangu 1989 anaziunganisha picha hizo zinakuwa filamu fupi, za ubaguzi wa rangi na yaliyobaki baada yake. Sasa mkaa haufutiki wote, doa linabaki, na lile doa ndilo linaloongea.

Nikaiba. Nikachora foleni ya watafuta kazi kumi na tano, kila mmoja na bahasha yake, mbele ya dirisha lililofungwa, nawafuta mmoja mmoja ila bahasha naziacha chini. Mara ya kwanza balaa, raba ngumu ya penseli ilichana karatasi, simu nimeiegemeza kwenye vitabu kila nikigusa kitufe inatikisika, jengo zima linacheza kama kuna tetemeko, halafu jua linahama kila picha na mwanga wake. Basi sikieni ujanja wangu: simu nikaifunga kwa tepu ya karatasi kwenye kiti, nikachomeka earphone, kile kitufe cha sauti kwenye waya kwenye simu yangu kinapiga picha bila kuigusa simu!! Pazia nikafunga, taa moja tu. Raba nikatafuta ile laini ya kufinyanga, unabonyeza, husugui. Gharama yote vijisenti, kilichoniuma ni mgongo.

Nikamwonyesha shemeji yuleyule, sijaandika neno hata moja. Akatazama mpaka zikabaki bahasha na yale madoa. Kimya. Akairudisha mwanzo, halafu akauliza, "huyu wa nyuma kabisa mbona kaondoka kabla ya wote, kakata tamaa?"

Nikaitikia kwa kichwa kama msanii mkubwa. Ukweli yule nilimfuta kwa kiwiko, bahati mbaya.