AFCON inakuja, safari hii msiwapigie simu akina mama wa ngoma ya muheme usiku kwamba kesho kuna mgeni

Mimi ni mtu wa mpira, niseme mapema msije mkanielewa vibaya. CHAN ya Agosti 2025, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, niliifuata yote kibanda umiza hapa Chang'ombe ya Dodoma, ile siku Taifa Stars inampiga Burkina Faso 2-0 uwanja wa Mkapa watu walirukiana mpaka benchi likavunjika, halafu robo fainali Morocco wakatutoa kwa kale kabao kamoja tukatawanyika bila hata kuagana. Kwa hiyo AFCON 2027 naisubiri kama kila mtu.

Ila kuna kitu kinanikera. Tangu CAF watupe uenyeji wa hii kitu Septemba 2023, sisi na Kenya na Uganda, jina la ombi letu lilikuwa Pamoja, na ni jina zuri kweli, sasa najiuliza pamoja na nani? CHAN kwa upande wetu ilichezwa Dar na Zanzibar basi. Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000, hongera zao. Sasa mtu wa huku Dodoma, wa Mpwapwa, wa Bahi, wa Kongwa huko ndani, yeye fungu lake ni lipi zaidi ya kulipa kiingilio kibanda umiza aangalie kwenye tv ya mtu?

Najua jibu litakuwa "utamaduni utashirikishwa". Ushirikishwaji wenyewe tunaujua sisi. Kikundi cha ngoma kinapigiwa simu saa tatu usiku, kesho saa kumi na mbili asubuhi muwe barabarani, kuna mgeni. Mnapandishwa fuso, mnapewa fulana zenye sura au nembo ambayo hamjui hata ni ya nani, mnasimama juani mpaka saa sita, mgeni anashuka, mnacheza dakika tano, MC anasema "asanteni sana kina mama, mziki tafadhali" na spika zinafungulia bongofleva. Soda moja, biskuti, na nauli ya kurudi mtajua wenyewe. Nimeshuhudia hii kwa macho yangu na waliofanya hivyo sitawataja, wenyewe wakisoma watajijua.

Sasa ngoja niwaambie walichofanya Waingereza na Olimpiki ya London 2012, maana watu wengi tunakumbuka Bolt na Mo Farah tu. Kulikuwa na mradi wa sanaa wa mikoa, kazi 12, yaani kila kanda ya England moja, Scotland moja, Wales moja, Ireland ya Kaskazini moja, na kila kazi ilikuwa na hadi pauni 500,000. Wasanii walitangazwa 2009, michezo 2012, hebu ona hapo, miaka karibu mitatu ya kujipanga! Na baadhi ya hizo kanda hazikuwa na shindano lolote la Olimpiki, ndo maana yake hasa, kwamba wewe ambaye mbio hazipiti kwako nawe upate chako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Scotland. Msanii anaitwa Craig Coulthard alitengeneza uwanja wa mpira katikati ya msitu, wakakata miti, mbao za miti hiyo hiyo wakajengea magoli na vyumba vya kubadilishia nguo, halafu mechi ikachezwa siku moja tu, wanaume na wanawake, na wachezaji walikuwa wahamiaji wa kawaida waliopata uraia wa Uingereza miaka ya karibuni. Baada ya hapo msitu ukaachwa urudi. Kusini mashariki mwa England nako walijenga boti, wakawaambia wananchi leteni kitu chochote cha mbao chenye hadithi yako, vikaja zaidi ya 1,200, mtu analeta penseli, mwingine mguu wa kiti, kuna mpaka kipande cha gitaa la Jimi Hendrix, vyote vikapachikwa kwenye boti moja na ikaingia baharini kweli ikasafiri.

Sio kwamba kila kitu kilienda sawa. Kule Merseyside, kaskazini magharibi mwa England, walitaka kusimamisha nguzo ya mvuke inayozunguka mpaka mawinguni, hela ikatumika, 2012 ikaisha nguzo haijapanda, na wananchi waliwasema sana. Kwa hiyo na mimi sisemi tuchukue vyao tubandike huku. Ninachotaka ni vitu viwili tu kutoka kwao, hela ifike mkoa usio na mechi, na ifike mapema.

Na sisi watu wa kati hatuanzi na sifuri bana. Mzee Hukwe Zawose alitoka huku huku Dodoma, akaenda kuishi Bagamoyo, ala zetu za zeze na ilimba vikamfikisha mpaka lebo ya muziki ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, amefariki 2003 na dunia inamjua kuliko sisi tunavyomjua. Chamwino kuna kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Wagogo, vikundi vinatoka vijijini kuja kuonyeshana.

Juzi kati nilikuwa kwa mama yangu mdogo upande wa Chamwino, yuko kwenye kikundi cha muheme, ile ngoma ya wanawake ambayo zamani ilikuwa ya mambo ya jando na unyago. Nimeingia, tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, mbukwa, nikaambiwa kaa hapo. Walikuwa wanapasha ngoma. Wanawasha mabua ya mtama, moto mdogo wa haraka, ngoma inageuzwa uso kwenye joto, anaigonga kwa vidole, anasikiliza, hapana, anairudisha. Mama mmoja mtu mzima ndo hakimu, wengine wanamwangalia usoni, akikunja uso inarudi motoni. Zikikubali wanazibana katikati ya mapaja wanasimama, na ile sauti ikianza unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Moja ilikuwa ngozi imechanika wameiweka pembeni. Nikamuuliza hii vipi mama, akaniambia, "Ngozi tunachangishana wenyewe mwanangu, wao wanakuja na kamera tu."

Basi mimi nikasema, tuseme kikundi kama hiki kipewe hela mwaka mzima kabla, sio mkopo. Nasisitiza sio mkopo, maana nikitaja hili mtu ataniambia kuna ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kwa vikundi, kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ndugu yangu hiyo zaidi ni mikopo, muheme itarejesha na nini, itauza nini? Wapewe kazi, walipwe kazi. Kila kata ilete mbao yake, kinu kilichopasuka, mwiko wa bibi, tendegu la kitanda, mafundi wa hapa hapa wachonge seti mpya ya ngoma na mazeze, na vijana wakae pembeni ya wazee wajifunze kuwamba na kupasha, sio kuangalia yutubu.

Halafu siku za mashindano zikifika wapande treni ya SGR. Tangu Julai 2024 treni inatoka Dodoma mpaka Dar, sasa vikundi vishuke njiani wapige pale Igandu, Gulwe, Kilosa, Morogoro, kila stesheni wapokewe na kikundi cha wenyeji wa hapo, wafike Dar wameshapiga mikoa miwili. Mgeni wa Senegal au Misri akipanda treni hiyo ndo atajua yuko wapi, kuliko kuangalia dansi la dakika tano eapoti.

Na mkataba uwe wa maandishi, wa Kiswahili, wenye tarehe ya malipo, na kiongozi wa kikundi abaki na nakala yake nyumbani. Video zikienda kwenye tangazo la mtu, kikundi kilipwe. Mama mdogo nilipomwelezea yote haya alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, chakula kwenye treni nani analipia? Nikamwambia hilo nalo tutaliandika kwenye mkataba, akasema liwe la kwanza.