Siku moja maishani mwangu: kupima tovuti ya duka la vipodozi, Nairobi

Saa 2:00 asubuhi. Simu ya Android ya bei ya chini inachajiwa, programu ya kurekodi skrini inajaribiwa, historia ya kivinjari inafutwa. Washiriki, yaani wanaoitumia tovuti huku nikiwatazama, ni watano, na kwa raundi moja wanatosha, kama alivyoandika Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, mwaka 2000. Wa sita kwa kawaida hurudia ya wenzake.

Kazi ya kuwapa haitumii maneno yaliyo kwenye vitufe: “Nywele zako zinakatika. Tafuta mafuta yasiyozidi shilingi 800, yafike Thika kesho.” Ukiandika “ongeza kwenye kikapu” umeshamwonyesha njia.

Saa 3:00. Mshiriki anasema kwa sauti kila anachofikiria. Akiuliza, “Nibonyeze hapa?” anajibiwa, “Ungekuwa peke yako ungefanyaje?” Halafu kimya. Hapo ndipo wanagenzi wanaposhindwa. Mkono unawawasha kuonyesha. Namba ya simu inakataliwa kwa kuwa ina nafasi katikati. Ombi la M-Pesa linatokea, anaweka PIN, akirudi ukurasa umejifungua upya na kikapu ni kitupu. Hivyo ndivyo watu wanavyolipa mara mbili.

Saa 5:00. Fomu ya kujiandikisha. Chini ya jina kuna orodha ya lazima: Mwafrika, Mhindi, Mwarabu, Mzungu, Nyingine. Imenakiliwa kutoka daftari la dukani, na sensa za wakoloni ziligawa watu vivyo hivyo. Kidole kinasita. Mkenya wa Ngara ambaye babu yake alitoka Gujarat anachagua “Nyingine”. Anayefuata anabonyeza la juu ili apite tu. Takwimu za namna hiyo hazina kazi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu rangi na asili ya mtu kuwa data nyeti.

Saa 8:00 mchana, kikao na mwenye duka. Alitaka kujua nini hasa? Mafuta gani aagize zaidi. Basi aulize nywele: kipilipili, za mawimbi, zilizonyooka, tena kwa hiari. “Mafuta ya Wahindi” yanakuwa “mafuta ya amla na nazi”. Kwenye kaunta, “yule Mhindi” anaitwa kwa namba ya oda. Maneno hayo yalikuwa yakichapwa hadi kwenye risiti.

Saa 10:00, mafundi. Kuondoa orodha kwenye ukurasa hakutoshi: seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, ikiendelea kuidai, fomu inagoma bila maelezo. Sharti la seva linatolewa kwanza, kisha orodha, kisha safu yake kwenye hifadhidata na ripoti za Excel.

Jumanne tunapima tena, kwa watu wapya. Hawa wa leo wameshaijua njia.