Kuku walikoroma wiki tatu, kumbe virusi vilikuwa viwili
Kuku wangu wa mayai walianza kukoroma usiku, macho yakavimba, kisha mayai yakapungua na mengine yakatoka na maganda yenye mikunjo. Nikarudia chanjo ya mdondo (Newcastle), nikawapa antibayotiki, vifo vikaendelea.

Daktari wa mifugo alichukua sampuli za koo mara mbili. Za kwanza, za kuku waliougua muda mrefu, hazikuonyesha kitu. Za pili zilitoka kwa walioanza kukohoa siku hiyo hiyo, kwa sababu virusi hujaa kooni siku za mwanzo tu. Hapo mkamba wa kuku (ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa) na H9N2, aina ya mafua ya ndege, vikaonekana pamoja.

Nikaondoa matandazo yenye unyevu, nikaongeza hewa bandani. Kundi lililofuata lilichanjwa magonjwa yote mawili kwa ratiba yake. Usiku sasa ni kimya.