Nani Humwazima Nani Timazi

Dodoso langu la kwanza lilikuwa na kurasa nne, na niliamini kuwa ni kazi safi hadi nilipoanza kuhesabu majibu. Nilikuwa nimeligawa kwa wanafunzi wa uashi wa chuo kimoja cha ufundi stadi hapa Dodoma, ambako nilikaa miezi mitatu nikikusanya data za tasnifu yangu kuhusu namna vijana wa makabila na dini mbalimbali wanavyoishi pamoja wakijifunza kazi. Kauli ya kwanza ilisema: "Niko tayari kufanya kazi na mtu wa kabila lolote." Darasa zima, isipokuwa mmoja aliyerudisha karatasi tupu, liliweka alama ya vema kwenye "ninakubali kabisa". Msimamizi wangu aliniuliza kama kweli nilitarajia Mtanzania aliyepita shule ya msingi ajibu vinginevyo. Ukabila kwetu ni aibu ambayo mtoto hufundishwa kuikana mapema, na hilo ni jambo jema, lakini kwa mtafiti maana yake ni kwamba swali la namna ile hupima adabu ya anayejibu na kuuacha ujirani wake pembeni.

Na ujirani wa kupima upo. Mkoa huu ulikuwa na mchanganyiko wake hata kabla ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma: ukipanda kaskazini kuelekea Chemba na Kondoa utawakuta Warangi wenye lugha ya Kibantu, Waburunge na Waalagwa wenye lugha za Kikushi, Wasandawe ambao maneno yao yana sauti za vidoko, na wafugaji wanaozungumza lugha za Kinailoti. Kisha Serikali ikaanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Watu hao wanahitaji nyumba, nyumba zinahitaji mafundi, na vijana wa Kigoma, Iringa na Mwanza wamekuja kujaza nafasi hizo.

Niliporudi kwenye maandiko, utafiti ulionifaa zaidi ulikuwa wa Alexandra Scacco na Shana Warren, uliochapishwa mwaka 2018. Walifanya kazi Kaduna, Nigeria, mji uliowahi kukumbwa na ghasia za kidini, wakawapangia vijana wa kiume Wakristo na Waislamu, kwa bahati nasibu, mafunzo ya kompyuta ya wiki 16, wengine katika madarasa ya mchanganyiko na wengine katika madarasa ya dini moja. Mwishoni chuki mioyoni haikuwa imepungua kwa kiwango cha kutajika, lakini waliosoma katika mchanganyiko walibagua kwa vitendo kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa madarasa ya dini moja. Matokeo hayo yaliniondolea mzigo, kwa sababu yalinionyesha kuwa nilikuwa nikichungulia dirisha lisilo sahihi. Nikaacha kuuliza watu wanajisikiaje, nikaketi juu ya rundo la matofali kutazama nani humwazima nani timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi ambao fundi hupimia kama ukuta umesimama wima.

Kuta za mazoezi hujengwa bila saruji, ili jioni zibomolewe na matofali yatumike tena kesho. Siku moja kijana wa Kirangi na mwenzake wa Kiha walikuwa wamefika kozi ya saba, yaani mstari wa saba wa matofali. Mmoja alishika kipande cha mbao juu, uzi wa timazi ukashuka, mwingine akachuchumaa chini kutazama nafasi kati ya risasi na tofali. Akasema ukuta umelala. Aliye juu akabisha, kwamba ni upepo unaotikisa uzi, na upepo wa Dodoma mchana si wa kudharauliwa. Wakabadilishana nafasi, aliyebisha akachuchumaa, akanyamaza, kisha akaanza mwenyewe kung'oa kozi tatu za juu. Mwalimu alikuwa mbali. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale ambapo watu wana hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano na baraka za wenye mamlaka. Ningethubutu kuongeza kuwa karakana ina kitu ambacho darasa la kawaida halina: mwamuzi asiye na kabila, aliyefungwa kwenye uzi.

Jambo la pili lilinichukua muda kuliona, kwa sababu halikuwa na sauti. Karakana ile ilijaa utani, ule ambao R. E. Moreau alikwisha kuuandikia makala mwaka 1944 akieleza utani wa makabila ya Tanganyika. Mgogo aliambiwa mikono yake inateleza kwa mlenda, Muha akaambiwa asubiri dagaa zikauke ndipo apande jukwaa. Nilidhani hapo ndipo penye hatari, nikawa ninaandika kila kejeli. Katika wiki ya tano ndipo nilipogundua kuwa kijana mmoja wa jamii ya wafugaji hakuwa ametaniwa hata mara moja. Walimsalimu vizuri, walimpa mwiko alipouomba, na hawakumtania. Dodoso langu lisingeweza kuugusa ukimya ule.

Dodoso la pili lilikuwa na swali moja: ukipata kazi ya kupiga lipu kesho huko Nkuhungu au Ihumwa, utawapigia simu wenzako gani watatu? Nilikuwa na hofu ya Salma Mousa, ambaye utafiti wake wa mwaka 2020 kuhusu timu za mpira za Wakristo na Waislamu nchini Iraki ulionyesha kuwa wema uliojengwa uwanjani haukuvuka sana kwenda maisha ya nje. Wema wa karakana ile ulivuka kiasi. Majina yalichanganyika kuliko nilivyotarajia, na jina la yule kijana mfugaji lilitokea kwenye karatasi mbili, zote za watu waliowahi kupangwa naye zamu ya kuchanganya udongo.

Wasichana watatu wa darasa lile waliandikana wao kwa wao, na hakuna mvulana aliyemtaja hata mmoja wao, ingawa mmoja wao ndiye aliyekuwa na kona zilizonyooka kuliko zote. Nilipouliza, niliambiwa kuwa tangu siku ya kwanza walipangwa kundi moja, kwa nia njema kabisa, ili wasisumbuliwe.