Asante ya nini?

Leo siku ya tano na bado namjibu yule binti wa ofisi ya apatimenti aliyetukatalia nyumba. Namjibu nikiosha vyombo, namjibu nikimsuka Salma, na jana nimemjibu kwa sauti ndani ya basi mpaka mzee mmoja akageuka akidhani naongea naye. Majibu yote mazuri yamenijia nilipokwisha kutoka ofisini kwake. Nilipokuwa mbele yake nilisema neno moja tu: asante.

Wiki yenyewe si kwamba haikuwa na mambo, maana mdogo wangu kajifungua mapacha Tanga, mimi nimefaulu mtihani wa udereva kwa mara ya tatu kujaribu, na Baba Salma kahamishiwa zamu ya mchana, lakini akili yangu imegoma kutoka kwenye kile kiti cha plastiki cha ofisini kwake.

Mnaonifuata tangu tulipotua Columbus, Marekani, mnajua tunakaa kwa wifi Zuhura, chumba cha chini, ambacho yeye anakiita besimenti na mimi nakiita handaki. Wifi hajatusema, hata kwa mafumbo. Lakini miezi mitano, watu wanne, chumba kimoja, na ngazi zinazolia kila mtoto akienda msalani usiku! Kwa hiyo tulipopata apatimenti ya vyumba viwili, dola 1,150 kwa mwezi, shule unaiona dirishani, nililipa ada ya maombi bila kuuliza mara mbili. Dola 50 zangu, 50 za Baba Salma, na hizo hazirudi hata wakikunyima. Wanataka kipato mara tatu ya kodi. Kipato tunacho, hati za mishahara tulipeleka. Alhamisi binti akaniita.

Alikuwa na kucha ndefu za zambarau, na kila akibonyeza kompyuta zinalia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Halafu akaniita asali, ndivyo wanavyoita watu huku hata wasiowajua.

"Asali, si kwamba jina lako lina ubaya. Halipo tu."

"Halipo wapi?"

"Kwenye mfumo. Hujawahi kukopa chochote?"

Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Nilidhani ni swali la kunipandisha daraja. Nikakaa sawa kitini, nikamwambia sijawahi kudaiwa na mtu, hata muuza genge. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa na mgonjwa kwamba hajawahi kunywa dawa. Akasema tunaweza kuongeza amana ya miezi miwili, au tulete mdhamini mwenye krediti nzuri, yaani rekodi nzuri ya kukopa na kulipa. Nikasema asante, nikabeba mkoba wangu.

Asante ya nini? Ya kuambiwa sipo? Au ya ile dola mia?

Baba Salma anasema nimelikuza jambo. "Sasa ulitaka umtukane?" Sikutaka kumtukana. Nilitaka angalau nimuulize: kama sipo, ile ada mlipokea kwa nani?

Wifi ndiye aliyenieleza, huku anahangaika kukuna nazi iliyoganda kwenye friza (haikuniki, lakini hakubali). Huku kuna kampuni tatu kubwa zinazoandika nani kakopa nini na kalipa lini, na kutokana na maandishi hayo mtu anapewa alama, kuanzia 300 mpaka 850. Nikadhani basi mgeni anaanzia 300. Hapana. Mpaka uwe na mkopo au kadi iliyofikisha miezi sita, kwa kawaida hupewi alama. Aliyekopa, akala, akakimbia, anaweza kuwa na 480 yake, na huyo yupo, mfumo unamjua kwa jina. Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo tuliambiwa kukopa harusi, kulipa matanga, ndiye sijazaliwa.

Jumamosi barua ikaja, maana sheria inawabana: wakikukatalia kwa sababu ya ripoti hiyo ya mikopo lazima wakuarifu. Miaka 38 yangu imejibiwa kwa mstari mmoja, kwamba taarifa hazitoshi. Nikatamani niwatumie ile barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kule Makorora, yenye muhuri wa bluu uliokaa upande, inayosema huyu ni mkazi wangu, namfahamu. Tulipopanga Mbagala, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi, dalali akala ya mwezi mmoja, basi. Maswali yalikuwa mawili: mumeo anakunywa pombe, na watoto wangapi. Sisemi ni bora. Miezi sita kwa mkupuo ilituuzisha friji. Lakini yule mzee alinitazama mimi.

Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba mimi nilikuwa mshika funguo. Wale wa zamani mnakumbuka kikoba chetu, kile kikundi cha wanawake cha kuweka akiba na kukopeshana: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu ili asiwepo wa kufungua peke yake. Wa pili nilikuwa mimi, miaka minne, nimeuvaa shingoni mpaka chooni. Wanawake 26 waliniamini na jasho lao. Hilo nalo nililiweka kwenye orodha ya majibu ya kumpa binti.

Sasa jana Jumapili wanawake wakaja kwa wifi kupanga upatu mpya. Tuko kumi, dola 200 kwa mwezi. Nikapangwa wa kumi. Aliyekuwa anaandika akaniambia kwa upole, "Mgeni hupokea mwisho, shoga, si unajua?" Nikacheka. Najua, wallahi, ningepanga vile vile. Tukala mihogo ya nazi, wakaenda.

Usiku nikaanza kumjibu binti kama kawaida, na nilipofika kwenye ile asante yangu, sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule mama wa vitumbua.

Sijawahi kumwandika hapa. Alihamia mtaani kwetu kutoka Kilosa, akaingia kikoba, akanunua hisa wiki tatu mfululizo bila kukosa, wiki ya nne akaomba 150,000 anunue jiko na unga. Kwa hisa zake haikufika hata kidogo, ila alisema ana shida. Nikamuuliza mdhamini wake nani. Akazungusha macho kwenye mkeka. Hakuna aliyeinua kichwa, na mimi nikasema, na ufunguo uko shingoni, "Dada, kaa kwanza tukujue. Mzunguko ujao." Nilisema vizuri, nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba nimesema vizuri. Akafunga zile sarafu zake kwenye pindo la kanga, fundo moja, fundo la pili, akasema, "Asante, dada." Mzunguko ujao hakuwepo.

Nimemuuliza mama kwa simu kama kuna anayejua alipo. "Yupi? Wa vitumbua walikuwa wengi."

Leo nimefungua kadi ya mkopo. Unaweka dola 200 zako benki, halafu wanakukopesha hizo hizo 200 zako, na wewe unashukuru. Baba Salma alihofia riba; wifi akamwambia ukilipa yote kabla ya tarehe hakuna riba hata senti. Nimenunua maziwa na mayai, dola 11 na kitu. Nilipochomeka kadi mkono ulitetemeka kama naiba. Miezi sita, halafu nitakuwepo.

Ila kinachoninyima usingizi sasa hivi si hicho. Mdogo wangu aliandika mchana kwamba Kulwa ananyonya vizuri, Doto hataki. Huku ni saa sita usiku, kule saa mbili asubuhi, lazima wameshaamka. Nimetuma ujumbe tangu saa tatu. Tiki mbili, bado za kijivu.