Leza niliyoichagua kwa bastola yangu

Tangu nianze kubeba bastola iliyofichwa kiunoni hapa Texas, niliahirisha kwa miezi mingi suala la leza, kifaa kinachotupa nukta ya mwanga pale bastola inapolenga, kwa kuwa nilitaka kwanza nimudu kulenga kwa macho yangu mwenyewe. Mwezi uliopita nilikwenda dukani kuzijaribu. Ndani, nyekundu na kijani ziling'aa sawa, lakini nilipoomba tutoke kwenye jua la saa sita, nukta nyekundu ilipotea ukutani hatua kumi tu kutoka nilipo, ilhali ya kijani niliendelea kuiona, kwa sababu jicho la mwanadamu huipokea kijani vizuri zaidi. Kijani humaliza betri mapema, nami nimelikubali hilo.

Kilichonisumbua hasa ni mkoba wa kuivalia bastola kiunoni. Leza inayofungwa chini ya mtutu iliizuia bastola isiingie katika mkoba wangu wa zamani, na mkoba usiofunika kifyatulio sawasawa siuvai kamwe; nina watoto nyumbani. Nikachagua inayokaa kwenye mpini, ambayo huwaka vidole vinapokaza mshiko. Kasoro yake niliiona kwenye uwanja wa shabaha: kidole cha shahada, kikiwa kimenyooka ubavuni mwa bastola kama inavyotakiwa, kiliuziba mwanga, ikanilazimu nijizoeze kukiweka chini kidogo. Niliirekebisha leza ili nukta na risasi vikutane kwenye umbali wa mita 7, kwa kuwa leza haikai katika mstari mmoja na mtutu, na ukisogea mbali zaidi risasi huanza kuachana na nukta.